Tope la Ubavuni

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, tope lilikuwa limekaa ubavuni mwa beseni. Deborah alikuwa ameteka maji kisimani jioni na kuyaacha yatuame, kama wafanyavyo wanawake wote wa kando ya mto Naviundu. Chini ndani ya beseni kulikuwa safi. Tope lote lilikuwa limeganda upande unaoelekea kiwanda cha shaba.

"Tugeuze beseni," alisema Constance, bintiye.

"Niligeuza jana. Iko inarudia kulekule. Chota huku, huku mayi iko muzuri."

Constance anafundisha chuo kikuu sheria ya chembe zinazoanguka: mchanga majini, vumbi hewani, theluji ambayo hajawahi kuiona. Chembe kubwa hutangulia, ndogo hufuata, na mwendo wa kila moja hujulikana kabla haijaanguka. Alijaza chupa ya kioo, akaitikisa, akashika saa. Chembe zilikwenda kwa mwendo uleule wa kwenye hesabu, ila zilikwenda ubavuni. Sheria haikuwa na kosa. Kwa tope hili, chini kulikuwa kwenye bomba la kiwanda, lile linalomwaga majitaka mtoni.

Alipima katika nyua za majirani, akachora mstari wa uelekeo wa tope la kila ndoo. Mistari yote ilikutana kwenye bomba hilo. Kavugho, muuza unga wa nyumba ya pili, hakuhitaji mistari. Alikwishahamishia kata yake upande safi wa ndoo.

Jumanne alikuja mkaguzi wa maji, Paulin. Kama angethibitisha kwamba tope ni la kiwanda, bomba lingefungwa na mtaa ungechimbiwa kisima kingine. Alizamisha mrija mpaka chini ya chupa, akavuta maji maangavu.

"Professeur, huku chini hamuna kintu."

"Angalia pembeni, papa Paulin."

"Minaona. Niko na macho." Akaizungusha chupa. Tope likahama, likarudi mahali pake. "Lakini banatutuma kubeba ya chini. Ya pembeni batakataa."

"Na hii bantu banakunywa?"

"Kama inalala chini, nitarudia."

Alithibitisha kwamba maji ni safi, akapanda pikipiki yake. Bomba liliendelea kumwaga.

Jumapili, baada ya misa, Deborah aliketi uani juu ya kigoda, akichambua sombe, majani ya muhogo. Amekunywa maji ya kisima hicho tangu aolewe. Kigoda kilianza kuteleza taratibu kuelekea kiwanda, naye yuko juu yake. Constance alitoa saa, akaitazama kidogo, akairudisha mfukoni.

"Mama, uko unaenda."

"Ninajua. Ni tangu juzi. Leta jiwe."

Constance alileta jiwe, akalikingamisha kwenye mguu wa kigoda. Kigoda kikasimama. Deborah alimaliza fungu la sombe, akafuta mikono kwenye kitenge, akaomba maji ya kunywa.

Constance alichota upande safi wa beseni, akampa.