Vidonge vya Jioni

Mtaani walimwita Kipyenga, kwa sababu alichezesha mpira kama refa kwa miaka ishirini na miwili, na alipostaafu jina halikukubali kustaafu naye. Mke wake alikuwa ameshafariki, na watoto walikuwa na miji yao. Pumzi iliyokuwa ikimtosha kukimbia dakika tisini sasa ilimwishia kwenye ngazi tatu za mlangoni kwake.

Daktari alimweleza kwamba mapafu yake yanaota makovu na kukakamaa, kama ngozi iliyosahauliwa juani. Kulikuwa na dawa mpya ya kuzuia makovu yasienee. Ilikuwa imefika hatua ya mwisho ya majaribio, ikipimwa kwa watu wengi kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Nusu yao wangemeza dawa yenyewe, nusu vidonge vya kufanana nayo visivyo na kitu ndani, na pale kliniki hakuna aliyejua nani anameza nini, hata daktari mwenyewe. Kipyenga akatia sahihi. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kila akimeza aweke alama kwenye daftari.

Mwezi wa nne wa kumeza vidonge, dada yake mkubwa akaja kukaa kwake. Alikuwa na kikohozi kikavu kama chake, na hakuweza kupanda zile ngazi bila kushika ukuta. Habari za hospitali hakutaka hata kuzisikia. Kipyenga alimtazama siku mbili. Ya tatu uvumilivu ukamshinda. Jioni hiyo alichukua kidonge chake, akampa na glasi ya maji. Dada aliuliza cha nini. Akamwambia cha kifua. Dada akameza, na Kipyenga akaweka alama kwenye daftari kama kawaida.

Ikawa ndiyo desturi yao. Wiki tatu baadaye dada alikuwa akipanda ngazi mikono mitupu na kuimba jikoni. Kipyenga alifurahi mno. Alijiambia kwamba kidogo kinatosha wawili wakipendana.

Siku yake ya kliniki ilipofika, nesi alimpulizisha mara tatu kwenye kimashine cha kupima pumzi, akahesabu vidonge vilivyobaki, akalinganisha na daftari. Kila kitu kilikaa sawa. Akamwambia daftari lake ndilo safi kuliko yote, akaomba ruhusa awaonyeshe wagonjwa wengine wajifunze.

Kipyenga alihisi masikio yanawaka moto. Uwanjani aliwahi kukosea, akazomewa, akarushiwa chupa za maji, lakini bahasha hakuwahi kupokea hata moja.

"Usiwaonyeshe, mwanangu," akasema. "Hilo daftari linadanganya. Vya jioni anameza dada yangu."

Nesi aliweka kalamu mezani. Hakumkaripia, alikwenda kumwita daktari. Daktari alisema yote kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Dawa ambayo bado inachunguzwa imepewa mtu ambaye hakuna aliyempima hata ini. Na majibu ya utafiti, ambayo wagonjwa wengi wanayasubiri, yameingia doa. Itabidi aandike ripoti, na kamati ya utafiti ndiyo itakayoamua kama abaki au atoke. Kipyenga aliinamisha kichwa, akasema hata wakimpa kadi nyekundu hatabisha. Daktari alimwambia mambo ya kadi yasubiri, kwanza amlete huyo dada, leo hii.

Dada alikuja shingo upande. Walimtoa damu, wakampiga picha ya kifua. Ini lilikuwa salama. Kisha daktari akataka kujua kwake anaishi vipi. Dada akaeleza kwa fahari kwamba anafuga kuku arobaini, banda limeegemea dirisha la chumba chake, na baridi ikizidi vifaranga hulala naye ndani. Daktari akauliza ni lini aliwaacha. Wiki tatu na siku mbili, akajibu, jirani ndiye anayewaangalia.

"Mama, nadhani si kidonge kilichokusaidia," daktari akasema. "Ni kukaa mbali na kuku."

Akaeleza kwamba wapo watu ambao mapafu yao hugombana na vumbi la manyoya na vinyesi vya ndege. Wakiendelea kulivuta miaka na miaka, nao huishia na makovu. Dada alikuwa amewahi kuja kabla ya makovu. Ama vile vidonge, huenda vilikuwa dawa, huenda vilikuwa unga mtupu.

Dada alimgeukia mdogo wake. "Kumbe labda umenilisha unga, na mimi kila jioni nakushukuru." Akacheka mpaka akakohoa, na nesi naye akashindwa kujizuia.

Kuku waligawiwa majirani. Dada alilia kwa ajili ya jogoo mmoja tu, kisha akahamishia nguo zake kwa mdogo wake moja kwa moja. Barua ya kamati ilichukua mwezi mzima: Kipyenga aendelee, ila daftari lisahihishwe, na vidonge vyake visiingie kinywani mwa mtu mwingine. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

Mwaka ulipotimia, pumzi yake ilikuwa imeshuka kidogo sana kuliko ilivyotarajiwa, hata nesi akarudia kipimo. Kipyenga aliuliza kama hiyo ina maana anameza dawa halisi. Nesi akasema hajui, pengine ni bahati tu. Kipyenga akajibu kwamba bahati nayo yeye haikatai.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani. Dada alikuwa nyuma ya nyumba, anapanda mboga. Akamwagiza maji. Kipyenga alibeba ndoo ndogo, akakaa kuvuta pumzi, akarudi kuchukua nyingine.