Dakika Themanini Hadi Kinuni

Haya yote ni kweli tupu. Hayakutiwa chumvi, na kama imetiwa basi ni punje mbili tatu za kuleta ladha. Asiyeamini avae viatu aende Lindershagen, asimame chini ya lango la kanisa, ahesabu dakika kwa saa yake mwenyewe.

Ndivyo Gisbert Wiegand alivyozoea kuanza kila alipoketi kwenye meza ya pembeni katika baa ya Mbuzi Mweusi. Alikuwa na miaka sabini na saba. Arobaini kati ya hiyo aliimalizia juu ya mapaa ya watu, akipigilia vigae vya mawe, na magoti yake hayakuisahau hata siku moja. Usiku yalimuuma yakitaka kulala, asubuhi yakamuuma yakikataa kuamka.

Lakini Gisbert alikuwa na cheo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mlinzi wa njia wa chama cha watembeaji. Njia zilikuwa tatu: moja inazunguka ukuta wa kale wa mji, moja inapita kwenye mashamba ya plamu, na ya tatu inatoka kanisani, inavuka mto, inapanda hadi kwenye kinu cha maji cha zamani. Zote tatu, kwenye karatasi wanayopewa wageni, zimeandikwa "nyepesi", na wageni huziamini, wakaja na watoto, na mbwa, na viatu vya harusini. Kila mwaka theluji ikiisha Gisbert alichukua kopo la rangi ya manjano na brashi yake, akakata matawi, akanyoosha vibao, akaandika upya dakika za kila safari. Hakuna aliyemsimamia. Mtu akipotea Lindershagen, alipotea kwa ridhaa ya Gisbert.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Roswitha Pabst aliingia Mbuzi Mweusi na barua mkononi. Roswitha ndiye mwenyekiti wa chama. Alisambaza barua mjini pale miaka thelathini kwa baiskeli, na mpaka leo mapaja yake ni ya chuma.

"Gisbert," alisema, hata koti hajavua. "Kibao cha kinuni kinasema dakika ngapi?"

"Themanini."

"Jumamosi watu wa nyumba ya wazee walikwenda. Unajua walitumia dakika ngapi?"

"Maskini. Wamefika?"

"Hamsini na tano! Na wawili wana vigari vya kushikilia wakitembea. Bibi Ottilie anasema alifika akasubiri kahawa ichemke."

Meza ikaangua kicheko. Egon, mwuza nyama mstaafu, mtu wa tumbo na sauti, akapiga meza hadi bia ikamwagika. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako wewe babu kila mwaka inarefuka!"

Gisbert alikunywa funda moja taratibu. Moyoni alijihisi mzito kama gunia lililonyeshewa. Alijua siku hii ingekuja. Hakujua tu kama ingekuja ikisukuma kigari.

"Kweli tupu," alianza. "Chini ya kile kilima kuna chumvi. Waulizeni waliochimba visima. Sasa chumvi ikinywa maji inafanyaje?"

"Inayeyuka," alisema Egon.

"Chumvi yenu ya soseji, ndiyo. Hii ya chini inavimba. Mvua za baridi iliyopita zimenyesha miezi mitano, kilima kimeumuka kama mkate, na njia iliyo juu yake lazima irefuke, haina hiari. Wazee wale wana bahati tu, walipanda siku ya jua, kikiwa kimenywea."

Walicheka, lakini Roswitha hakucheka. Aliikunja barua. "Basi twende wote Jumamosi, na saa. Tukitumia dakika themanini, kibao kibaki na sisi tukuombe radhi. Tukifika mapema, unanikabidhi brashi na kopo, Gisbert. Sikutanii. Wageni wanafika mapema wakalisubiri basi la kurudi muda mrefu kwa sababu ya vibao vyako, wengine wanaghairi safari kabisa wakidhani ni mbali."

"Naweka brashi," alisema Gisbert, kwa sababu watu kumi walikuwa wakimtazama.

Nyumbani mkewe, Traudel, alimsikiliza huku akimenya viazi vilivyochemshwa. Hakuacha kumenya.

"Mpe tu brashi, mume wangu. Umechoka. Ukipanda ngazi nakusikia kutoka jikoni."

"Nikimpa nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Nitakaa dirishani kama paka," alisema Gisbert, "nihesabu magari. Kaka yangu alianza hivyo hivyo. Alikaa dirishani mwezi wa nne, mwezi wa kumi tukamzika."

Traudel aliweka kisu chini. Akamwongezea kiazi sahanini.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa kumi na mmoja chini ya lango la kanisa, wa kumi na moja akiwa Bibi Ottilie Kranz mwenyewe, miaka themanini na minane, na kigari chake chenye breki na kikapu. Roswitha alibonyeza saa. Gisbert aliongoza. Ukiwa mbele, ndiwe mwenye mwendo.

Kwenye ukuta wa mji alisimama. "Hapa," alisema, "ndipo askari Waswidi walipotuzingira miezi mitatu, miaka karibu mia nne iliyopita. Risasi zikaisha, mawe yakaisha. Mpishi wa hoteli akapanda juu na sufuria ya madonge ya viazi, akawatupia moja moja. Kweli tupu. Ukichimba pale bado unayapata, magumu kama siku ile."

"Viazi vilikuwa bado havijafika nchi hii wakati huo, Gisbert," alisema Egon.

"Ndiyo maana Waswidi hawakuvijua! Walidhani ni silaha mpya, wakakimbia."

Dakika sita zilipita hapo. Kwenye mashamba ya plamu akapoteza nne nyingine akifunga kamba ya kiatu, kisha ya pili. Kila kisiki cha sehemu hii alikijua, na kila kimoja alikipa hadithi. Roswitha alitazama saa yake. Bibi Ottilie alimpita mara mbili, akamsubiri mara mbili, akila plamu alizookota.

"Wewe kijana," alimwambia, "unaongea kwa mdomo au kwa magoti? Maana naona magoti ndiyo yanayosimama, mdomo unasaidia tu."

Gisbert alijifanya hakusikia.

Walifika darajani dakika ya arobaini na mbili. Pale pana kituo cha basi, kibanda cha mbao chenye benchi moja, na Gisbert alikipita bila kukitupia jicho, kama mtu anayempita anayemdai. Toka hapo njia inapanda. Si mlima, mtoto anaupanda akila mkate. Ila baada ya hatua mia moja Gisbert alihisi moto ukimpanda kutoka kwenye goti hadi kiunoni, na hadithi zikamkauka kinywani. Alishika mti, kisha mti mwingine. Akaliona benchi jipya la mbao nyeupe, akalikalia kabla hajajua amekaa.

"Mmeliweka lini hili?" aliuliza.

Bibi Ottilie alifunga breki ya kigari. "Hili? Mwaka wa pili sasa. Mlinzi wa njia halijui benchi la njia yake?"

"Nalijua. Nilikuwa nakupima macho."

Egon alicheka, lakini cheko lake likaishia njiani alipoona jinsi Gisbert alivyokuwa akivuta pumzi. Uso ulikuwa umepauka kama unga. Mtu akampa chupa ya maji. Hakuna aliyemharakisha. Wakakaa naye pale, na ukungu wa asubuhi ukaondoka taratibu juu ya mapaa meusi ya mji, mapaa ambayo nusu yake aliyaezeka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na uongo wa kusema juu yake.

Akainuka. Akaenda. Hatua, mti, pumzi. Hatua, mti, pumzi.

Walipoweka mguu kwenye uwanja wa kinu, Roswitha alibonyeza saa. Akaisoma mara mbili.

"Themanini," alisema polepole. "Themanini kasoro sekunde."

"Kilima kimevimba!" alipaza sauti Egon, na watu wakapiga makofi. Gisbert aliinua mkono mmoja kama mfalme, wa pili ukiwa umeshika ukuta asianguke. Ameshinda. Brashi ni yake.

Lakini Roswitha alikuwa mtu wa barua. Hutazama bahasha nyuma na mbele. Alikwenda kwenye kibao kilichosimama pale kinuni, pacha wa kile cha kanisani, kile kinachosema *Kanisani, dakika 80*. Rangi ilikuwa imebanduka ukingoni mwa tarakimu ya nane. Akatoa ufunguo wa nyumba yake akakwaruza. Chini ya themanini palikuwa na sabini. Akakwaruza. Chini ya sabini, sitini. Chini yake hamsini na tano, na chini kabisa, kwenye mbao yenyewe, kwa mkono mkakamavu wa mtu wa miaka arobaini na sita, arobaini na tano.

Walizunguka kibao wakatazama. Hakuna aliyecheka sasa. Kilikuwa kama shina la mti lililokatwa, unahesabu miaka.

"Si chumvi," alisema Roswitha.

"Si chumvi," alikubali Gisbert. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji wa kinu. "Lakini sikudanganya, Roswitha. Kila mwaka nilipima. Nambari unazoziona hapo ndizo nilizotembea. Kibao hakikusema uongo hata siku moja, kilisema tu habari za mtu mmoja."

Egon alivua kofia akajikuna. Roswitha aliutazama ufunguo wake wenye rangi ya manjano kuanzia ncha hadi shingo. Sauti ilimlainika.

"Ungeniambia tu," alisema. "Tungeweka nambari mbili. Moja ya vijana, moja ya..." Hakumaliza. "Brashi ubaki nayo. Nitakusindikiza mimi, wewe uandike. Tukubaliane hivyo?"

Kifua cha Gisbert kilifunguka. Na hapo ndipo angenyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini miaka yote ile ya meza ya pembeni ilimsukuma kwa nyuma, akasimama akanyoosha kidole juu.

"Na niseme jambo moja, kweli tupu: pole pole ndiyo, lakini hatua kwa hatua, kwa miguu hii hii! Kila wiki, kupanda na kushuka. Basi lile sijawahi kulipanda maishani mwangu. Heri nitambae."

Nyuma yake basi la saa sita kasorobo lilikuwa likigeuza. Mlango ukafunguka kwa mluzi wake. Dereva, Ercan, kijana mpole wa mjini pale pale, alichungulia nje, uso umejaa tabasamu.

"Mzee Wiegand! Kumbe uko huku juu? Nimekungoja pale darajani kama kawaida, nikapiga na honi. Nikasema leo mzee wangu anaumwa." Akaona lile kundi. "Ah, leo umekuja na wageni. Karibuni. Mzee, kiti chako cha mbele kipo, sijamkalisha mtu."

Vichwa vyote vikamgeukia Gisbert.

"Kama kawaida," alisema Roswitha.

"Toka mwaka juzi," alisema Ercan, asiyejua analoharibu. "Kila Jumamosi. Anatembea mpaka darajani, anakaa ananisubiri, nampandisha. Mvua ikinyesha huwa tunachelewa kidogo, kama saa moja na dakika ishirini hivi tangu atoke kanisani. Yeye huandika kwenye kidaftari chake."

Egon alianza kutikisika tumbo, kisha mabega, kisha wote kumi wakalipuka, na Bibi Ottilie akalazimika kukishika kigari kwa mikono miwili. "Themanini," alihema, "ni dakika za *basi*!"

Gisbert aliwatazama mmoja mmoja. Akatafuta hadithi. Akapekua kila kona ya kichwa chake, chini ya Waswidi na madonge, na hakukuwa na kitu. Ghala lilikuwa tupu, na cha ajabu, utupu ule haukumuuma. Alifungua mkoba wa mgongoni, akatoa brashi iliyofungwa kitambaa, na kopo, akamwekea Roswitha mikononi.

"Andika arobaini na tano," alisema. "Na chini yake, kwa herufi ndogo, andika saa za basi. Watu wanazihitaji."

Roswitha aliitia brashi mfukoni. Kopo lile akalishika kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

Gisbert akapanda ngazi ya basi, kwanza mguu mzuri, kisha ule mwingine. Akatoa pochi. "Wote hawa nawalipia mimi," alimwambia Ercan. "Kata tiketi kumi na moja."

"Kumi," alisema Bibi Ottilie kutoka nje, akifungua breki ya kigari chake. "Mimi nashuka kwa miguu. Mtanikuta kanisani."

Gisbert akalipa kumi, akaketi kwenye kiti chake cha mbele, akainyoosha miguu yote miwili.