Nyumba ya Levis na Hewa Yake

Levis aliugua malaria Jumapili, akafa Alhamisi, na kosa lake kubwa machoni pa ukoo ni kwamba alikufa hajajenga. Miaka yote alikuwa dereva wa lori la miwa huko Awendo, akiishi na mkewe Marcella na mtoto wao katika chumba cha kupanga. Kwao Uriri hakuwa na hata kibanda. Na mwanamume wa Kijaluo mwenye mke hazikwi hivi hivi tu uwanjani kwa babake. Nyumba yake husimama kwanza, maiti yake ikalala ndani usiku mmoja, ndipo akazikwa kando yake.

Baba yake mdogo, mzee Ogweno, alikuwa ameshakata kauli: nguzo nne, mabati, mlango, basi. Kibanda cha desturi, ambacho mvua za masika zingekiangusha na asiwepo wa kusikitika. Alifika Homa Bay kununua mabati, akapitia ofisini kwa Eucabeth, dada ya marehemu, amwarifu. Hakuja kutaka shauri, wala hakuwa mtu wa kutaka shauri.

Eucabeth alikuwa mchoraji katika ofisi ya msanifu majengo. Mwaka huo wa 1998 ofisi ilikuwa imenunua kompyuta ya kuchorea, na ni yeye tu aliyeweza kuelewana nayo.

"Na Marcella atakaa wapi, baba?" aliuliza.

"Hii nyumba ni ya Levis, nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo. "Si ya Marcella."

Eucabeth alijua maana yake. Kibanda kikianguka, wifi yake hana pa kuweka mguu katika boma lile. Atarudi kwao Lambwe na mtoto mgongoni, na hakuna atakayesema amefukuzwa. Alimpenda Marcella, na wazo hilo lilimuuma karibu sawa na kifo chenyewe.

"Kaa kidogo, nikuonyeshe," alisema.

Kuchora nyumba kwenye mashine ile kulikuwa na utaratibu wa ajabu. Unaanza na pande zima la nyumba, limejaa, halina ndani. Ukitaka chumba, unatengeneza pande la pili lenye ukubwa wa chumba, unalisukuma ndani ya lile la kwanza, kisha unaliondoa. Mlango vivyo hivyo. Hakuna uwazi unaotokea bure. Pale palipo wazi, kitu kizima kilikuwapo kwanza. Eucabeth alikuwa ameondoa mapande mengi, ya maduka na ya zahanati, bila kuhisi lolote. Siku hiyo, akikichora kibanda cha Levis, alipofika pa kuondoa, mkono ulimgomea. Akalia mbele ya mzee, na mzee akatazama dirishani mpaka alipomaliza.

Kisha akafanya kinyume. Alifuta kuta za kibanda, akabakisha hewa yake peke yake, kipande kidogo kilichosimama kwenye kioo cha kompyuta.

"Nyumba ndiyo hii, baba. Ukuta ni ganda. Hakuna mtu anaishi ndani ya ukuta."

Akaweka kitanda ndani ya ile hewa. Miguu ya kitanda ikatokeza nje. Akaitanua hewa kidogo kidogo hadi kitanda kikaenea, mtu akapata pa kupita, mtoto akapata pa kukaa. Ogweno aliinama karibu na kioo. Alikuwa amezika wanawe wawili miaka ya karibuni, na vibanda vyao vyote viwili vilikuwa vimeshaanguka.

"Nyumba za watoto wangu sikuwahi kuangalia ndani," alisema. "Nipe hiyo karatasi. Tutajenga ya udongo, ya kukaa."

Eucabeth, kwa furaha na machozi, alichapa kilichokuwa kwenye kioo. Na kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa ile hewa, na vipimo vyake vya hewa. Kule Uriri fundi aliona boksi lenye namba pembeni, akasimamisha nyumba ya namba hizo kwa nje. Kuta za udongo, nene, zikala chumba kutoka kila upande.

Eucabeth alifika Ijumaa ya wiki iliyofuata pamoja na Marcella na kitanda chao kutoka Awendo. Kwa nje nyumba ilipendeza. Kitanda kilipoingizwa, ilibaki njia ya mtu kupita kwa ubavu, basi. Eucabeth alisimama katika njia ile akaelewa alichofanya. Alitoka akamwambia Ogweno ukweli wote.

Kabla mzee hajajibu, gari la maiti liliingia. Vijana walibeba jeneza mpaka mlangoni, wakakwama. Hapakuwa na nafasi ya jeneza wala ya wabebaji. Wakasimama juani nalo mabegani, na kilio cha wanawake kikapungua, kila mtu akitaka kuona itakuwaje.

"Toa kitanda," wazee wakaanza kusema. "Toa kitanda, mtu wetu aingie."

Ogweno naye akaitikia. "Toeni."

Eucabeth alijua kwamba kitanda kikitolewa sasa, mbele ya ukoo mzima, hakitarudi tena, wala mwenye kitanda.

Marcella, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Awendo, alisimama katikati ya mlango.

"Msitoe," alisema, bila kupaza sauti. "Mwekeni juu yake. Ni kitanda yake. Amelala hapo na mimi tangu anioe, na leo atalala hapo."

Jambo kama hilo halikuwa limewahi kusikika pale. Vijana, jasho likiwatiririka, walimgeukia Ogweno wamsikilize yeye.

Ogweno alivua kofia yake.

"Mnaniangalia mimi ya nini?" aliwaambia. "Mwenye nyumba amesema."