Pua ya Jaji wa Keki

Nerida Tonkin alikingojea kiti kile miaka kumi na tisa. Kiti chenyewe si cha enzi. Ni cha plastiki, cha kukunja, na huwekwa mwisho wa meza ndefu katika banda la mapishi pale Wirrabilla, mji mdogo wa mashamba, kila Oktoba, siku ya maonyesho ya kilimo. Lakini anayekikalia ndiye jaji wa keki ya matunda, na jaji wa keki ya matunda Wirrabilla huamkiwa kwa adabu hata na watu waliokosana naye. Miaka yote hiyo Nerida alikuwa msimamizi wa meza tu: anapanga sahani, anabandika namba, anafuta makombo ya wenzake. Kisha bibi aliyekuwa jaji akahamia pwani kwa mwanawe, kamati ikakaa, na jina likatoka. Jaji, Nerida Tonkin. Jaji wa akiba, Lorna Gebhardt.

Siku nne kabla ya maonyesho, pua ya Nerida ikaziba.

Asiyejua mambo atasema keki huliwa kwa mdomo, pua ya nini? Huyo hajafika Wirrabilla. Keki ile hupikwa kwa vipimo vya aina moja vilivyopigwa chapa na chama cha maonyesho: zabibu kavu kiasi hiki, siagi kiasi hiki, brandi vijiko kadhaa, na atakayeongeza lozi moja keki yake inaondolewa mezani bila kuonjwa. Mwaka huo zilikuwa keki ishirini na tatu, zote ndugu wa tumbo moja. Macho hayawezi kuzitenga, na ulimi huchoka ukifika ya sita. Kinachobaki ni pua. Jaji hukata keki katikati, huinua nusu, hufumba macho na kunusa kabla ya lolote lingine. Hapo ndipo humjua aliyeloweka matunda yake wiki nzima na aliyekumbuka jana yake, aliyetia mdalasini wa mwaka juzi, na aliyeunguza upande wa chini akakwangua kwa kisu akidhani hakuna atakayejua.

Sasa mtu mwingine angekwenda duka la dawa akaeleza shida yake. Ila Wirrabilla ina duka moja tu la dawa, nalo linatazamana na duka la mikate ambako Lorna Gebhardt hunywa chai kila asubuhi, meza ya dirishani. Tena ile dawa kali ya kuzibua pua huwekwa nyuma ya kaunta, na huuziwi mpaka utoe leseni ya udereva na jina lako liingizwe kwenye kompyuta. Nerida alipiga hesabu zake akaona jina hilo lingefika kwenye kikombe cha Lorna kabla yeye hajavuka barabara. Lorna akijua, kamati imejua. Kamati ikijua, kiti kimekwenda.

Basi Jumatano akavaa kofia ya mumewe, akaendesha kilomita arobaini mpaka mji wa jirani, akanunua supamaketi pakiti za dawa ya mafua, unga wa limau wa kukoroga na maji ya moto. Akanywa moja palepale kwenye maegesho, kwa maji ya moto aliyoyabeba kwenye chupa ya chai. Saa sita akanywa ya pili. Jioni pua bado ukuta, akapekua droo ya mumewe, Clem, akakuta vidonge vya mafua vilivyobaki tangu majira ya baridi. Boksi la unga lilikuwa na picha ya limau, la vidonge lilikuwa na picha ya mlima wenye theluji. Kwa Nerida hizo zilikuwa dawa mbili tofauti, moja ya mafua na nyingine ya pua, akazichanganya kwa moyo mweupe. Ama ile dawa ya presha aliyokuwa akimeza mwaka wa sita sasa, hakuiwazia kabisa. Presha hupimwa mkononi, mafua yako puani, vinakutana wapi?

Alhamisi asubuhi aliamka bila kuwa amelala. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kana kwamba amekimbizwa na fahali, na kikombe kilikuwa kikigonga kisahani chake tu bila kupumzika. Clem ni mtu ambaye kabla ya mchana hasemi maneno kumi. Aliweka mkate wake chini.

"Unatetemeka."

"Ni furaha ya Jumamosi."

"Furaha gani hiyo ya kuvunja vyombo? Vaa viatu, mama, twende."

Mfamasia wa Wirrabilla alikuwa Dilini, mwanamke mdogo wa umbo kutoka Colombo, aliyekuwa amekaa pale miaka mitatu na kuujua mji mzima kwa majina na kwa maumivu. Nerida aliingia ubavuubavu, mgongo kauelekeza dirishani, akaweka leseni yake kifudifudi kwenye kaunta na kunong'ona kwamba anataka ile kali. Dilini hakuigusa leseni. Alimuuliza anatumia dawa gani nyingine, kisha akamtazama mikono, kisha akamwongoza hadi chumba cha pembeni na kumfunga mkanda wa kipimo cha presha. Mia moja sabini na sita juu, mia moja na moja chini.

Alimuuliza kama kifua kinauma, kama kichwa kinagonga, kama macho yanaona ukungu. Yote hapana. Akampigia daktari simu, wakakubaliana Nerida akae kimya, apimwe tena, na isiposhuka apelekwe hospitali bila mjadala. Ndipo Dilini akauliza amekunywa nini, na Clem, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akatoa mfukoni mwa koti maboksi yote mawili. Dilini aliyageuza mgongo juu, akayasogeza karibu karibu.

"Soma hapa, mama. Haya, na hapa."

Nerida alivaa miwani. Chini ya limau na chini ya mlima, kwa herufi za sisimizi, lilikuwa jina lilelile. Akalisoma mara mbili.

"Kumbe ni dawa moja."

"Ni dawa moja, umeinywa dozi juu ya dozi. Na ya kutuliza maumivu imo humo pia, nayo umeizidisha. Tatizo la dawa hizi hazijui pua iko wapi. Zinabana mishipa ya damu mwili mzima ili pua nayo ipate kidogo. Mtu mwenye presha hazigusi mpaka aulize. Wa moyo vilevile, wa kisukari, na wanaume wenye shida ya kukojoa."

Clem, ambaye hakuna aliyemuuliza, akakohoa. Ikabidi aseme kwamba wakati wa baridi, alipokuwa akimeza vidonge vile, alisimama chooni nusu saa nzima kila safari, na alinyamaza kwa sababu alidhani ndio uzee umeingia. Dilini alichukua boksi la mlima na kulitupa kwenye pipa la dawa zilizorudishwa, akaandika jina la Clem naye aje apimwe. Nerida alicheka licha ya moyo wake, kisha akakumbuka kilichomleta, akaomba apewe basi ile kali, ya siku moja tu, ya Jumamosi.

"Ile ndiyo mbaya zaidi kwako," Dilini alimwambia. "Hata uniletee leseni pamoja na hati ya shamba, sikuuzii."

Alimpa chupa laini ya kuoshea pua na vifuko vya chumvi. Maji yachemshwe kwanza yakapoa, asichukue ya bomba moja kwa moja, aoshe mara tatu kwa siku, akae bafuni kwenye mvuke, alalie mito miwili, na dawa yake ya presha asiiache. Nerida aliuliza kama pua itafunguka kufikia Jumamosi.

"Sijui, wa kukupa ahadi humpati hapa," alijibu Dilini kwa utani, kisha akamshika bega. "Pua sijui, mama. Ninachotaka mimi ni moyo ufike Jumamosi."

Baada ya dakika arobaini presha ilikuwa imeanza kushuka, na daktari akasema aende nyumbani, arudi jioni. Jioni ilikuwa imeshuka zaidi. Lakini ile asubuhi, alipotoka mlangoni na mfuko wa karatasi wenye alama ya duka la dawa, Nerida aliinua macho na kumwona Lorna dirishani ng'ambo ya barabara, kikombe hewani, akimtazama pasipo kupepesa. Nerida alijiona kama aliyekwisha kunyang'anywa kiti.

Jumamosi mkono ulikuwa umetulia na moyo ukienda mwendo wake wa siku zote. Pua ya kushoto, kimya. Ya kulia ilipitisha hewa kiasi cha uzi. Nerida alifika bandani mapema, akafungua chupa ya brandi ya kamati akainusa. Hakupata kitu. Angeweza kujifanya. Angefumba macho, atikise kichwa, achague keki iliyonyooka kuliko zote, na hakuna ambaye angembishia. Alizitazama zile sahani ishirini na tatu. Alizijua mashine za kufulia zilizowekewa juu mabakuli ya matunda yaliyolowekwa ili yapate joto, aliwajua wanawake waliokuwa wamekaa jikoni saa nne mfululizo wakilinda jiko kama mtoto mgonjwa. Alishindwa kuwadanganya. Akamwita Lorna nyuma ya banda, penye bomba la kuoshea birika, akamwambia yote, kofia, limau, mlima na presha, machozi yakimtoka.

"Kiti ni chako, Lorna. Kichukue."

Lorna alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akasema kwa sauti ambayo Nerida hakuwahi kuisikia kwake.

"Usinifanyie hivyo, shoga. Mimi sina pua kabisa."

"Huna vipi?"

"Tangu ule ugonjwa uliozunguka dunia, mwaka wa tatu huu. Hata moshi siusikii. Kitunguu na tufaha kwangu vyote maji. Mume wangu ndiye ananiambia maziwa yakichacha."

Nerida alimuuliza kwa nini basi alikubali kuwa jaji wa akiba, na Lorna akasema aliona aibu kukataa, tena alijua Nerida hajawahi kuugua tangu waanze shule, kwa hiyo hataitwa. Siku mbili hizo, tangu alipomwona anatoka duka la dawa, alikuwa hali wala halali. Alikuwa amefikiria hata kujivunja mguu, ila hakujua aanzie wapi.

Nerida alianza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia bomba. Lorna naye ikamshika, wakasimama pale wawili, mabibi wazima wenye beji za kamati, wakilia na kucheka kwa pamoja. Kisha Lorna akajifuta uso na kuuliza iko wapi hiyo chupa ya chumvi. Ilikuwa mkobani, na maji yaliyochemshwa yalikuwa ndani ya chupa yake. Lorna akatandaza pande mbili za koti lake kama pazia, Nerida akainama akaosha upande mmoja, akaosha wa pili, akapenga mithili ya tarumbeta, akaosha tena. Akainuka. Akavuta pumzi, akakunja uso.

"Lorna, koti lako linanuka vidonge vya kufukuza nondo."

"Kweli?"

"Linanuka sanduku la marehemu."

Lorna akamkumbatia kwa nguvu hadi beji zikagongana.

Nerida alikalia kiti chake. Aliwaambia kamati kwamba jaji wa akiba atakaa naye bega kwa bega mwaka huu, na kwa kuwa jaji wa Wirrabilla haulizwi sababu, kiti cha pili kikaletwa. Akakata keki ya kwanza katikati, akainua nusu, akafumba macho, akanusa. Kisha akamwinamia Lorna sikioni.

"Huyu ameloweka wiki mbili," alinong'ona. "Brandi nzuri, haijamzidi. Maganda ya machungwa yanatangulia, halafu siagi, halafu nyuma kabisa kungumanga, mbichi, ya kukwangua mwenyewe. Inanuka jikoni kwa mama yako, ile asubuhi ya Krismasi, tulipoiba zabibu."

Lorna alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza, viganja juu, na chozi moja lilimshuka bila yeye kulifuta.

"Endelea," alisema. "Usiruke hata moja."