Nati za Pembetano

Nchi ya Pembetano ilitandazwa juu ya tambarare isiyokuwa na hata kichuguu cha kuyazuia macho, na juu ya tambarare hiyo watu walizunguka kwa baiskeli tangu walipoachishwa kunyonya hadi walipofukiwa, kwa kuwa Ikulu ilikwisha kuamua kwamba mtu ni yule aliye juu ya tandiko. Aliyepanda aliamkiwa na kuitikiwa. Aliyetembea kwa miguu alipitwa kama jiwe, na aliyethubutu kumsemesha alinyang'anywa baiskeli yake. Ikulu haikuhitaji magereza. Ilikuwa na nati. Kila gurudumu lilikazwa kwa nati za pembe tano, umbo lilelile la nembo ya taifa, na spana za kuzifungua zilifungiwa katika karakana ya Mheshimiwa Dundumizi, Waziri wa Magurudumu, ambaye alipokea ombi la matengenezo kutoka kwa yeyote, mradi mwombaji awe amefika amepanda baiskeli yake mwenyewe.

Nandeka, mshonaji wa matandiko, alishushwa na nati iliyolegea. Tangu hapo alikunywa chai akikitazama kiti kitupu, na mdogo wake Sijawa, aliyekula naye sahani moja tangu utoto, akawa anapita mlangoni pake akitazama mbele, kengele yake ikilia mara moja tu. Nandeka hakujua kama mlio ule ulikuwa salamu au shimo la barabarani. Alitaka kuamkiwa tena na ndugu yake. Hakutaka kingine.

Akaenda jalalani, zilikotupwa baiskeli zilizokufa zikingoja kutengenezwa. Akaokota mkono wa pedeli, kipande cha mnyororo na tupa iliyovunjika mpini. Akaunda koleo kwa bawaba za mlango, akapinda bamba la chuma likawa kama mdomo wa kasuku. Vyote viliteleza juu ya nati, maana chakavu za dunia zimezoea pembe sita. Siku moja, akiwa ameinama juu ya gurudumu kwa kukata tamaa, nishani ambayo kila raia aliivaa ikaning'inia kifuani pake, na tundu lake la katikati, la pembe tano kama nembo, likakaa juu ya nati, nusura liimeze. Tundu hilo, walifundishwa, ni la kuuchungulia utukufu wa nchi. Hakuna aliyewahi kulishusha karibu na matope. Alilipanua kwa tupa. Dhahabu ikabanduka kama magamba, na chini yake pakatokea chuma cha kawaida, kigumu, kizuri. Akaipigilia nishani kwenye mkono wa pedeli kwa pini za mnyororo.

Nati ikageuka.

Asubuhi ya baraza kuu alipanda, nishani yake kifuani ikiwa imeota mkia. Uwanjani alikuta umati umezunguka baiskeli ya fahari ya magurudumu matatu, moja limechomoka, na kando yake Mheshimiwa Dundumizi amesimama kwa miguu yake miwili.

"Jamani, mmoja wenu akanifuatie spana! Walinzi wa karakana hawamfungulii mtu wa miguu."

Watu wakatazama mbele.

"Si mnanijua? Ni mimi!"

"Mmesikia kitu?" mtu mmoja akawauliza wenzake.

"Upepo tu huo," akajibiwa. "Uambie upeleke ombi."

"Ukiwa umepanda!"

Kicheko kikapita juu ya matandiko. Macho ya Waziri yakatua kwa Nandeka. "Mama, hicho kidude chako. Nikazie hapa, tafadhali."

Nandeka angeweza kupita; sheria ilimtaka apite. Lakini aliijua sura ile ya mtu anayezungumza na asisikike, alikuwa ameiona kwenye kioo chake. Akashuka.

"Mheshimiwa," alisema, "hii ni yangu. Spana yako unayo kifuani."

Waziri akainama kuitazama nishani yake. Ili aitumie ingembidi aivue, aichubue kwa tupa, apige magoti mbele yao. Mkono wake ukapanda taratibu hadi kwenye pini ya nishani, ukakaa hapo.

Nyuma ya Nandeka stendi ya baiskeli ikashushwa. Nyayo zikasita, kisha zikaja.

"Shikamoo, dada," alisema Sijawa, na uwanja mzima ulisikia.

"Marahaba," akaitika Nandeka, kwa sauti ngeni, kama ya mtu aliyeamshwa.

Waziri alikuwa bado ameshika pini, na hakuna aliyejua kama alikuwa akiichomoa au akiizuia isichomoke. Watu, kila mmoja juu ya tandiko lake, wakaanza kuvitazama vifua vyao wenyewe.