Siku Tuliyoomba Tuwe wa Pili

Mama mdogo wangu ni muuguzi mstaafu, mtu ambaye hata sisimizi humzunguka ili asimkanyage, na ndiye aliyebakiza saa moja na nusu tu atuingize vitani. Kosa lake lilikuwa kugawa dawa.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kwenye kompyuta. Kuna mchezo wa meli za anga tunaoucheza mtandaoni, wenye sayari chungu nzima, vituo vinavyoelea na makundi yanayogombea mapenzi ya wenyeji. Wasioujua hudhani makundi hupigana kwa sababu ya matusi. Thubutu! Tukananeni mpaka makoo yakauke, hakuna bunduki itakayolia. Kila kundi huomba mizigo, na ukilipelekea, wenyeji hulipenda zaidi na asilimia yake hupanda. Halafu kila siku saa kumi alasiri mchezo unasoma hesabu, na makundi mawili ya eneo moja yakikutwa na asilimia sawa, vita vinaanza papo hapo, siku saba, mtake msitake. Ukizidi huna neno, ukizidiwa huna neno. Balaa ni kulingana.

Kundi letu linaitwa Wapole, jina ambalo mimi binafsi halinihusu. Alilianzisha mama yetu, karani wa posta kwa miaka thelathini, alipovunjika nyonga na kuchoka kutazama dari. Wachezaji wenzake walimwita Mama Stempu. Alipofariki mwaka jana walikipa kituo chetu pekee jina lake, likaandikwa kwa taa juu ya mlango wa kuingilia meli: Kituo cha Mama Stempu. Uongozi nikaurithi mimi, fundi miwani mwenye hasira za karibu.

Majirani zetu ni Chuma, marubani mia mbili chini ya mtu anayejiita Nyundo. Kila kituo wanachokiteka hukifuta jina na kukipa namba. Sisi tuko kumi na saba, na nusu yetu tutatafuta kwanza miwani ya kusomea kabla ya kumtafuta adui. Kwa hiyo vita maana yake ilikuwa moja tu: jina la mama kuzimwa na mahali pake kuwekwa Ngome ya Kumi na Mbili. Nilishamzika mara moja. Sikuwa na nguvu za kumzika tena.

Wiki tatu mfululizo asilimia ya Chuma ilikuwa ikipanda. Sisi tulikaa thelathini na moja, wao wakatoka ishirini na nne, wakaja ishirini na saba, hadi thelathini. Alhamisi ile asubuhi, kabla sijafungua duka, nikawaandikia Wapole wote ujumbe mkali: kila mtu abebe mizigo yetu leo, na kama kuna msaliti kati yetu nitamjua na kumfukuza kabla jua halijazama.

Saa nane na nusu nilikuwa nimeinamia mashine ya kukatia lenzi dada yangu aliponipigia. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na sauti yake ilikuwa ile anayotumia kwa mwanafunzi aliyeruka hatua.

"Kaka, makadirio ya leo ni thelathini na moja kwa thelathini na moja."

"Nani anawabebea?" nikauliza.

"Nimepekua daftari la mizigo. Ni mtu mmoja. Anajiita Nesi Mstaafu."

Nikaizima mashine. Nikampigia mama mdogo kwa hasira, kisha nikakumbuka ni mama mdogo, nikaanza na salamu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Sema upesi, niko angani."

"Umebeba nini?"

"Dawa za homa. Hospitali ya Chuma wameomba."

"Mama mdogo! Wale ndio wapinzani wetu!"

"Wameandika wana wagonjwa arobaini wamelala chini."

"Hao wagonjwa hawapo! Ni maandishi tu!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Hata wodini kwangu mgonjwa alianza kuwa maandishi, kwenye faili. Nimeshapokea mzigo, nitaufikisha."

Nikamwomba aumwage angani. Akaguna mguno wa wauguzi, ule unaokufanya ujione umeingia wodini na viatu vya matope. Nikamuunganisha dada kwenye simu ili anisaidie kumshawishi, lakini yeye alikuwa ameshika kalamu.

"Mama mdogo, mzigo wako una makasha mangapi?"

"Mia sita."

"Hiyo ni asilimia mbili. Kaka, mwache afikishe. Watakuwa thelathini na tatu, sisi thelathini na moja. Hatulingani, hakuna vita."

"Yaani tuwe wa pili?" nikauliza. Tangu mama alianzishe lile kundi hatujawahi kuwa wa pili kwenye eneo letu. Nilihisi kama naambiwa nimvue mama viatu nimpe jirani.

"Uwe wa pili mwenye kituo," dada akasema, "au uwe sawa nao uje upewe namba."

Nikamwambia mama mdogo aende, tena aende mbio.

Sasa ikawa kioja. Mimi niliyekuwa nimeapa kumfukuza msaliti, nikawa namhimiza msaliti akanyage mafuta. Mteja mmoja, bibi aliyekuja kuchukua miwani yake, alikaa akinisikiliza nikisema "pita kushoto kwa ule mwezi," akaivua miwani na kuivaa tena. Saa tisa na dakika arobaini mama mdogo alikuwa bado nje ya kituo cha Chuma.

"Mbona hujatua?"

"Kuna foleni. Nimempisha mmoja, alionekana ana haraka."

"Mama mdogo, na sisi tuna haraka!"

"Basi ungesema kwa upole."

Saa kumi kasoro dakika kumi akashusha dawa. Nikataka kushusha pumzi, dada akanikata katikati.

"Kaka, na ile amri yako ya asubuhi?"

Mizigo ya saa ya mwisho haionekani mpaka hesabu isomwe. Kama Wapole walinitii, wakaleta makasha mia sita kwetu, tungekuwa thelathini na tatu kwa thelathini na tatu. Mama mdogo angekuwa ametuokoa, na mimi kwa domo langu ningekuwa nimetumaliza. Nikaandika harakaharaka: acheni kila kitu, msibebe chochote! Hakuna aliyejibu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya ubao wa herufi za kupimia macho, na sikuona hata ile kubwa ya juu.

Saa kumi ikafika. Skrini ikapepesa. Chuma thelathini na tatu. Wapole thelathini na moja.

Nilipiga ukelele bibi wa watu akaruka. Nikamwomba radhi, nikamkumbatia, nikamfutia miwani yake mara mbili bila kuombwa. Dada alikuwa anacheka kwenye simu na mimi machozi yalikuwa yananitoka, ya furaha tupu, kwa kushindwa.

Majibu ya Wapole yakaanza kuingia taratibu. Fundi bomba wetu aliandika, "Amri gani? Ndiyo kwanza nafungua simu." Mwingine akaandika, "Niliiona, nikajua ni hasira zako za Alhamisi." Sijawahi kufurahi hivyo kudharauliwa.

Nikafunga duka nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Nilimkuta mezani anapanga vidonge vyake vya presha kwenye kijisanduku cha siku saba, kompyuta ikiwa wazi pembeni.

"Ulijua ni wapinzani?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini?"

Akashangaa kweli. "Si nilifuata sheria za kundi? Wewe kiongozi hujazisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Nilipojiunga nilibonyeza "nakubali", kama watu wote. Mama mdogo akanifungulia ukurasa, akanisogezea kiti. Sheria zilikuwa tatu, na ya tatu mama aliiandika hivi: "Mzigo una jina la mtu. Ukiupokea, mfikishie, awe wetu au asiwe wetu."

Nikaisikia sauti yake kabisa, ile ya dirishani posta, ikimwambia mtu asiye na adabu kwamba barua yake ipo. Kati yetu kumi na saba, mmoja tu ndiye aliyekuwa akimtii, na ndiye niliyetaka kumfukuza.

"Nisamehe, mama mdogo," nikasema.

"Nimeshasahau. Hospitali ya Chuma wanaomba mashuka. Mimi macho yamechoka."

Nikavuta kompyuta, nikaupokea mzigo. Meli yangu ikatoka polepole kwenye mlango wa kituo, na juu yake jina la mama lilikuwa linawaka, herufi zote.