Bia Ilipopanda Bei

Onema alianza kunywa lotoko wakati wa vita, treni ilipokoma kufika Kindu. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa reli, mtu wa bia moja Jumapili baada ya misa. Vita vilipoingia, bia ililetwa kwa ndege tu, na kila mwenye bunduki aliitoza ushuru wake, hata matajiri wakaiacha. Lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo, ilipikwa kila kona. Askari walimkamata Onema na wenzake ili wazike maiti zilizookotwa kando ya mto Lualaba. Walipewa kikombe kabla ya kushika majembe, na kingine kazi ilipokwisha. Vita viliisha, kiu haikuisha.

Mama yake alipokuwa mahututi alimwapisha aache lotoko. Akaiacha kweli, akahamia kwenye bia na vifuko vya wiski rahisi vinavyouzwa penye maegesho ya pikipiki, mtaa wa Kasuku. Mkewe Béatrice, muuguzi wa kituo cha afya, aliwapokea wengi wa namna yake: wachimbaji waliotoka machimbo ya Kama, matumbo yamevimba, macho ya manjano. Kwa hiyo wakubwa wa mkoa walipoita watu kujadili kodi mpya ya pombe, alisimama. Aliwaambia kwamba pombe ikiwa rahisi kuliko chakula, mtu ataishi kwa pombe. Wapandishe bei, wagonjwa watapungua. Kodi ikapita, ya bia na ya vifuko.

Na wagonjwa walipungua. Baa iliyotazamana na kituo ikabaki na viti vitupu. Onema alikuwa anarudi mapema, anakula sombe, majani ya muhogo, pamoja na mkewe, anauliza habari za wajukuu. Béatrice alishukuru kimoyomoyo, akiogopa kuitaja furaha hiyo kwa sauti.

Kisha Onema akaanza kuchelewa, na pumzi yake ikanuka lotoko.

Béatrice alijua inakopikwa: nyuma ya nyumba ya Odette, mjane aliyekuwa akiimba naye kwaya. Akaenda kumsihi asimuuzie mumewe. Odette alisema amekwisha kumkataa mara nyingi, lakini Onema huenda kwa wapishi wengine, na wale huongeza dawa wasizozijua ili pombe iwashe koo.

« Tangu bia ipande, wote wanakuja kwetu, » alisema. « Miye niko na batoto ku masomo, Béatrice. Njo hii tu inawasomesha. »

Siku hiyohiyo Béatrice akamwendea Gédéon, mtoza kodi, kumwuliza kwa nini lotoko imeachwa bila kodi. Gédéon alimpa kiti kwa heshima. Alieleza kwamba bia inayouzwa imepungua sana, kodi imefanya kazi yake.

« Lotoko sheria imeikataza, mama, » alisema. « Kitu chenye kimekatazwa, hatuwezi kukitoza. Kwa serikali, hakiko. »

Haikupita wiki, Onema aliamka akamwuliza mkewe mbona hajafungua dirisha. Lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limekwisha kufika kitandani. Béatrice alikaa karibu naye, akapitisha kiganja mbele ya macho yake; hayakupepesa. Walimpeleka kituoni kwa pikipiki, Béatrice akimkumbatia kwa nyuma asianguke. Pale palikuwa na serumu tu, maji ya kutundika mshipani, wala si dawa ya sumu hiyo. Onema alilalamika kichwa, akatapika, halafu akapoteza fahamu. Alikufa kesho yake, asubuhi.

Odette alikuja matangani, akaketi mkekani karibu na Béatrice, wakalia pamoja. Matanga yalipokwisha, moshi ukapanda tena nyuma ya nyumba yake. Béatrice aliuona alipokuwa anaenda kazini. Alisimama kidogo barabarani, kisha akaendelea na safari. Kituoni, kitanda alichofia Onema kilikuwa na mtu mwingine, mchimbaji kutoka Kampene, anapapasa ukuta kwa mkono. Béatrice akavaa glavu, akatundika serumu.